Weka chini hiyo bunduki ya gundi kwanza

Mdogo wangu mleta uzi, kama mkasi uko mkononi uweke mezani, salamu zitafuata. Nimesoma ulichoandika nikiwa ndani ya basi natoka kazini, nikapitiliza vituo viwili. Sasa nimesimama mahali nisipopajua nasubiri basi la kurudi, nakujibu kwa vidole vyenye baridi, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Umesema unataka kutengeneza shada la mlangoni la msimu huu wa majani kupukutika. Una mashati mawili ya drafti ya mumeo, jinzi iliyochanika goti, na khanga mbili za marehemu bibi yako ulizotoka nazo Tanga. Duara la povu gumu la kubandikia umeshanunua. Bunduki ya gundi ya moto umeshanunua. Unauliza nguo ipi uanze nayo, rangi uzipange vipi, mbegu za msonobari uzibandike wapi, na baada ya Novemba ulihifadhi vipi hadi mwakani. Na hapo juu watu watatu wameshakujibu "gundi tu dada, dakika ishirini umemaliza", wakakugongea na vikopa.

Khanga za marehemu bibi. Na gundi ya moto. Wamekupa vikopa!

Usigundishe. Funga. Kama utasoma neno moja tu kwenye jibu langu, basi soma hilo halafu ukalale.

Mimi niko Columbus, Ohio. Mwaka wangu wa tatu hapa ndipo nilipoingiwa na huu ugonjwa wa mashada. Mnaoishi huku mnajua Septemba inavyokuwa: mtaa mzima maboga kwenye ngazi, mashada milangoni, na mabua ya mahindi yamefungwa kwenye nguzo za baraza. Mabua, jamani. Yale tunayomwachia ng'ombe shambani, huku yanauzwa kwa fungu. Binti yangu akaniuliza kwa nini mlango wetu uko uchi. Nikaona hapana, watatuona hatujastaarabika, nikaingia mtandaoni kutafuta.

Sasa nguo. Baba alifariki mwaka uliotangulia na sikwenda kuzika. Mambo ya makaratasi, sitaki kuyaeleza hapa. Kaka yangu alimpa mtu aliyekuwa anasafiri mashati yake mawili aniletee. Moja lilikuwa la kitenge, rangi ya kahawia, chungwa na ile njano ya haradali, yaani ukilipeleka nje ukalisimamisha kando ya mti wa mepo, ule ambao majani yake yanageuka rangi, mwezi wa kumi hulioni. Mfukoni kushoto lilikuwa na doa la wino wa bluu, duara ndogo, kwa sababu mzee alikuwa karani wa bohari na kalamu haikumtoka mfukoni hata Jumapili. Nikawaza: nitalifanya shada, mzee awe anatukaribisha mlangoni kila mwaka. Wazo lilikuwa zuri. Nalisema hilo kujitetea, kwa sababu kilichofuata hakina utetezi.

Nikakutana na video ya yule dada. Simtaji, na kusema kweli jina lake nimelisahau, ila kucha zake sijazisahau. Ana meza nyeupe, ana mshumaa unawaka pembeni mchana kweupe, anatabasamu kama amelipwa, na pengine alilipwa. Anasema kata vipande, tia tone la gundi, bandika kwenye povu, umemaliza, "ni rahisi sana". Shada lake likatundikwa ukutani ndani ya nyumba, likapigwa picha, video ikaisha. Hatujui wiki ya pili lilikuwa wapi. Mimi leo nikiona mtu anamaliza video siku ile ile aliyotengeneza kitu, nafunga simu.

Na jirani yangu naye nimsemeje. Yeye ndiye aliyeniazima bunduki, tena ile kubwa ya moto mkali. Akaniambia "hii ndiyo nzuri, inashika milele." Mama wa watu ana nia njema, ananiletea keki ya maboga, lakini neno "milele" lile namdai mpaka leo.

Nikalikata shati. Lote. Nililikata kwa mkasi vipande vya kama sentimita kumi, nikakunja kila kimoja kikawa kama jani. Mfuko nikauacha mzima, nikauweka katikati chini kama ua. Tone la kwanza la gundi lilipogusa povu, povu likazama. Likatoboka mbele ya macho yangu kama barabara ya mtaani kwetu wakati wa masika. Bunduki kubwa kama ile inafika nyuzi joto 190 hivi, na povu lile jeupe la maboksi ya TV linalegea likikaribia nyuzi 100. Hapo hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaongeza gundi kujaza mashimo. Nilitumia vijiti kumi na saba. Najua idadi kwa sababu nilirudi dukani mara mbili.

Likapendeza, sitadanganya. Nikalitundika mlangoni, nikampigia mama simu ya video ajionee. Mama akanyamaza, akasogeza simu karibu na uso, akauliza, "Mwanangu, hapo kuna msiba?" Maana kwetu shada la maua ukiliona limesimama mahali, unauliza kaburi liko wapi. Nikacheka nikamweleza ni urembo wa huku. Akatazama tena. "Hilo si shati la baba yako?" Nikasema ndiyo. "Umelikata?" Nikasema ndiyo mama, ila limependeza. Akasema haya, mtandao unakatika, tutaongea. Mtandao haukuwa unakatika.

Basi. Nyumba zetu hizi za kupanga zina milango miwili: wa mbao, na wa nje wa kioo wa kukinga upepo na theluji. Nilitundika katikati ya hiyo miwili ili mvua isilipate. Nikajiona nina akili. Mlango wangu unatazama magharibi. Wiki ile joto likarudi, kama linavyofanya huku kila mwanzo wa Oktoba unapodhani umeshalizika, na jua la alasiri likapiga kile kioo kutwa. Pale katikati panakuwa kama ndani ya gari lililoegeshwa juani madirisha yamefungwa.

Sikiliza kitu ambacho yule dada wa kucha hakusema: gundi ya moto ni plastiki tu. Imeyeyushwa, ikapoa ikashika. Ukiipa joto tena, inalegea tena. Haihitaji kurudi kwenye moto wa bunduki, inaanza kuachia mapema zaidi, inakuwa kama ubuyu wa rangi uliosahaulika mfukoni. Na nguo ina uzito, hasa iliyokunjwa.

Nilirudi nyumbani kutoka kazini saa kumi na mbili jioni nikakuta robo ya shada iko chini, na lililobaki limeteleza mlangoni likaacha michirizi kama konokono amepita na familia yake. Nilipolivuta, likatoka na rangi ya mlango. Mwenye nyumba alinikata dola 160 za kupaka upya, na barua juu. Duara, gundi, kurudi dukani, mlango: shada langu la "bure la nguo kuukuu" lilinigharimu zaidi ya dola 200. Kwa hela hiyo ningenunua la duka, la mwenye duka, na nikabaki na chenji ya chai.

Hela zinatafutwa. Shati ndilo lililonitoa machozi jikoni kama mtoto. Nikajaribu kila kitu kilichoandikwa mtandaoni. Niliweka vipande kwenye jokofu la kugandishia usiku mzima, kwamba gundi ikipata baridi inakakamaa na kubanduka. Kwenye plastiki au kioo inabanduka kweli. Kwenye pamba imeshaingia katikati ya nyuzi, ukibandua unabandua na kitambaa. Shati la marehemu lililala usiku kucha na samaki. Nikajaribu spiriti ya dawa, ikasaidia pembeni pembeni. Nikajaribu pasi juu ya karatasi ya kaki, gundi ikahamia kidogo kwenye karatasi na nyingine ikatandaa kwenye nguo kama mafuta ya maandazi. Katika vipande sitini na kitu niliokoa tisa. Na mfuko, wenye gundi kona moja.

Ningefunga kwa fundo, ningefungua fundo. Lote lingetoka, ningempa fundi aliunge hata liwe foronya. Ndiyo maana nakupigia kelele.

Tena aibu ni kwamba nilikuwa najua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatengeneza kipangusia miguu cha matambara: gunia, msumari wa kutobolea, vipande vya nguo zilizochoka, fundo baada ya fundo. Kilikanyagwa kwa miguu yenye tope, kikafuliwa, kikaanikwa, kikarudi mlangoni miaka na miaka. Hakukuwa na tone la gundi. Nikaacha elimu hiyo nyumbani nikaenda kufundishwa na kucha.

Haya, utafanya hivi. Chukua henga ya waya, ile nyembamba ya dobi, ivute iwe duara. Kikulabu cha juu kiache, ndicho cha kutundikia. Utapata duara la kama sentimita 30. Povu lirudishe dukani kama risiti unayo.

Mashati ya drafti ya mumeo ndiyo kazi yenyewe, lakini muulize kwanza kama ameyaacha kweli. Mume wangu bado anaulizia moja la bluu. Usiyakate kwa mkasi yote, utaota malengelenge. Pasua: weka mkasi ukingoni kidogo, halafu shika pande mbili uchane. Pamba iliyofumwa inafuata uzi wake ikinyooka yenyewe, na ukingo unakuwa na vile vinyuzi vinavyoning'inia ambavyo ndivyo urembo wenyewe. Ikikataa kuchanika, pengine ina nailoni ndani, hiyo kata. Upana sentimita mbili na nusu, urefu kumi na nane. Mgongo tu wa shati la mwanaume mkubwa unatoa vipande kama themanini, na duara lote linakula kama mia na ishirini, zaidi ukipenda linenepe.

Kunja kipande katikati, kitanzi kipite chini ya waya, ncha mbili ziingie ndani ya kitanzi, vuta. Sukuma kando ya mwenzake, vibanane. Basi, hakuna kingine. Utafanya mbili jioni moja ukiwa unasikiliza taarabu. Fulana haichaniki, kata, halafu vuta kipande kinajikunja chenyewe kama kamba, kinakaa vizuri katikati ya drafti. Jinzi ni nzito, weka chache, la sivyo waya unapinda na shada linakuwa yai.

Khanga za bibi usizikate. Nakuomba kama dada yako. Khanga ina mita moja na nusu hivi kwa urefu: ikunje kwa urefu wake mpaka iwe kama mkanda, izungushie upande mmoja wa duara, ncha zake zifunge kwa nyuma. Panga mkunjo ili pindo lionekane, na kama jina linaweza kukaa juu, liache juu, majirani hawatajua kusoma lakini wewe utajua. Msimu ukiisha unafungua, unafua, unajifunga. Mlango wa kioo uwe nyuma ya shada, lisikae katikati kama langu. Lakini likikaa kwenye jua kali rangi zitapauka, kwa hiyo kama baraza lako linatazama jua, khanga itundike siku ya wageni tu.

Rangi sijui, mimi naweka haradali karibu na kahawia na sijalalamikiwa. Kulikuwa na swali lingine la kuhifadhi, au la mbegu za msonobari, sioni vizuri simu imeanza kupunguza mwanga. Hao wa vikopa wakujibu hilo, wana muda.

Mfuko wa baba uko kwenye droo ya vijiko. Mwaka jana niliufunga kwa uzi kwenye shada la drafti, doa la wino likitazama nje, nikampigia mama. Akaangalia, akauliza safari hii limefungwa au limegundishwa. Basi langu hilo limefika.