Re: Kifaa cha kuongelea cha dadangu, nianzie wapi?

Kwa dadako asiyeweza kuongea kwa mdomo, mie ningeanza na maneno kabla ya kifaa chenyewe cha kumsemea. App nyingi za kusemea, zile wagusa kitufe nayo yatamka neno, zimejaa picha za vitu, tufaha sijui theluji, na mtu yuko Kongowea, Mombasa, anataka kusema "ngoja", "sitaki", "hujanielewa", "niache nimalize", hayo ndo yawe mbele na kitufe kikishakaa pahali usikihamishe manake mkono ushazoea. Kama vidole vyatetemeka weka kibao cha matundu juu ya skrini, kidole kiingie tundu moja tu. Spika iwe na nguvu, pale feri Likoni sauti ya simu haisikiki kabisa. Sauti achague mwenyewe bana, Stephen Hawking, yule mwanasayansi Mwingereza aliyeongea kwa kompyuta, aliletewa sauti mpya nzuri zaidi akazikataa, akabaki na ile yake ya kirobo. Na chapisha karatasi ya maneno yaleyale, chaji ikiisha aonyeshe kwa kidole.