Isikilize Albamu Nzima Ndipo Uihukumu

Vijana wa hapa Majengo wanaponiuliza waanzie wapi wakitaka kuijua roki mbadala ya miaka hii, mimi huwaambia wachague albamu moja, waipakue yote mapema ili bando lisiwakatikie katikati, kisha waisikilize kwa mpangilio ule ule aliouweka msanii, mara tatu, ndipo watoe neno. Wengi huuona ushauri huu mzito. Nautoa kwa sababu niliwahi kuharakisha hukumu, na haraka hiyo ikaninyima raha kwa miezi kadhaa.

Bendi ya Uingereza, The Cure, ilitoa Songs of a Lost World tarehe 1 Novemba 2024, baada ya kukaa miaka 16 bila albamu mpya. Niliisikiliza kwanza nikingoja feri Likoni saa za jioni, kwa hedifoni zilizokuwa zikitoa sauti sikio moja tu, huku honi za matatu na makelele ya wachuuzi yakiifunika. Wimbo wa kwanza, "Alone", hupitisha zaidi ya dakika tatu za dramu nzito, magitaa na kinanda kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua kinywa. Sikuvumilia. Niliuruka, nikauruka na wa pili, nikakata shauri kwamba wazee hawa wameishiwa.

Usiku mmoja, miezi kadhaa baadaye, umeme ulikatika, nikapanda darini kutafuta upepo, nikaicheza albamu yote, nyimbo nane zinazokaribia dakika 50. Hapo nikatambua jambo ambalo mtu aliyelelewa na taarabu angepaswa kulitambua siku ya kwanza. Zein l'Abdin, yule gwiji wa udi wa taarabu, alipokuwa akipiga, hapakuwa na aliyemhimiza aimbe upesi; udi ulizungumza kwanza, watu wakatulia, na sauti ilipoingia ilikuta nyoyo zimekwisha kulainika. Smith naye ndivyo afanyavyo. Wimbo wa sita, "I Can Never Say Goodbye", aliutunga kwa ajili ya kifo cha kaka yake Richard, na kinanda chake hurudia noti chache zile zile, mfano wa mfiwa anayerudia jina moja matangani. Ukiusikiliza peke yake utauona mzuri. Ukiufikia baada ya zile tano zilizoutangulia, utakuliza.

Fontaines D.C., bendi ya Dublin, wanahitaji subira ya namna nyingine. Waliowapenda tangu albamu yao Dogrel ya mwaka 2019, yenye magitaa makavu, walilalamika kwamba Romance ya 2024, iliyotayarishwa na James Ford, imepambwa kupita kiasi. Siafikiani nao. Katika "Starburster", uliotokana na hofu ya ghafla iliyomshika mwimbaji Grian Chatten katika stesheni ya St Pancras jijini London, utamsikia katika kiitikio akivuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na pumzi ile moja inaeleza hofu kuliko beti nzima. Sikiliza Dogrel kwanza, kisha Romance, uone walikotoka.

Never Enough, albamu ya bendi ya Marekani, Turnstile, iliyotoka 2025, sitaizungumzia sana: nyimbo zake za kasi ni tamu, lakini vipande virefu vya kinanda vinaupoza moto wake.

Nisiyeacha kumtaja ni Mdou Moctar, Mtuareg wa Niger anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto na kuimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Mapinduzi ya Julai 2023 yaliikuta bendi yake ziarani Marekani, ikashindwa kurudi nyumbani. Albamu yake ya 2024, Funeral for Justice, inaunguruma kwa gitaa la umeme. Mwaka 2025 akatoa Tears of Injustice, nyimbo zile zile zilizorekodiwa upya bila umeme, na hasira ikageuka maombolezo. Anza na hii ya pili ikiwa nyumbani kwenu makelele ya magitaa hayapendwi. Mimi niliicheza baada ya Magharibi, mama akiwa anachambua mchele kwenye uteo. Ulipofika "Imouhar", wimbo unaowasihi Watuareg wasiiache lugha yao ipotee, mkono wake ulisita juu ya mchele, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Urudishe, mwanangu."