Mkiambiwa uvimbe wa ini haupasuliki, ulizeni kwa nini

Mjomba alipoambiwa saratani yake ya ini haipasuliki, ukoo mzima ulisikia kitu kimoja: mrudisheni kijijini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki, na ushauri wangu kwa wenye mgonjwa kama huyo ni kumuuliza daktari haipasuliki kwa sababu gani.

Uvimbe wa mjomba haukufika sentimita 3. Kilichozuia upasuaji ni ini lenyewe. Homa ya ini B ya miaka mingi ilikuwa imelijaza makovu, na likikatwa kipande, kinachobaki hakimudu kazi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kufaa kuunguzwa uvimbe.

Daktari wa tiba radiolojia hupenyeza sindano ndefu kupitia ngozi, mara nyingi katikati ya mbavu, huku akiangalia ultrasaundi au sitiskani mpaka ncha iingie kwenye uvimbe. Mawimbi ya redio au ya maikrowevu hupandisha joto kupita nyuzi 60 na seli zinakufa. Sehemu ndogo ya ini lisilo na saratani inayouzunguka uvimbe nayo huunguzwa makusudi, kwa sababu saratani hupenda kujificha pembezoni. Tumbo halifunguliwi, ila mgonjwa hupewa ganzi na dawa za kumtuliza, au nusu kaputi.

Ulizeni ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo. Hadi sentimita 3 matokeo huwa mazuri. Ukizidi 5, kuumaliza wote kwa joto ni shida. Ukiwa umeegemea mshipa mkubwa, damu hulibeba joto likaenda zake, kama kuchemsha maji ya mto unaotiririka. Hapo madaktari wengi huchagua maikrowevu. Mkiwa Tanzania, Muhimbili ina wataalamu wa tiba radiolojia. Wapelekeeni picha zenu kabla hamjauza shamba kwa ajili ya India.

Mtajieni daktari kila dawa anayotumia mgonjwa, hasa za kuzuia damu kuganda. Na mitishamba pia, hata kama shangazi atanuna.

Baada ya tiba mjomba alipata homa ndogo, uchovu, na maumivu ya bega la kulia yaliyotushangaza, kumbe yanatoka kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia ulio juu ya ini. Hayo hupita. Homa kali yenye kutetemeka, macho ya njano au tumbo kuuma kwa nguvu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Fedha zisiishie kwenye sindano. Sitiskani hurudiwa baada ya mwezi hivi, halafu kila miezi michache, maana ini lenye makovu linaweza kuotesha uvimbe mwingine pembeni. Dawa ya homa ya ini B, kwa mjomba tenofovir, haiachwi eti kwa kuwa uvimbe umeungua. Watoto wake na ndugu wa tumbo moja wapimwe virusi hivyo. Wasio navyo wapate chanjo, na wakamilishe dozi zote 3.