Kiwambo Kinapogoma: Maswali Yenu Kuhusu Ultrasaundi ya Msuli wa Kupumulia

Barua zilizofika mwezi huu ni nyingi, lakini nne kati yake zinauliza, kila moja kwa njia yake, juu ya kipimo kimoja ambacho wasomaji wengi hawajakizoea. Nimeamua kuzijibu pamoja.

Shikamoo Daktari. Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 56, alifanyiwa upasuaji wa moyo miezi minne iliyopita. Kidonda kimepona, na tunaambiwa kwamba moyo unafanya kazi vizuri, lakini hawezi kulala chali. Akijilaza huhema kama mtu aliyetoka mbioni, na hata kuinama kufunga kamba za viatu kunamkata pumzi. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba kiwambo chake kimepanda juu upande wa kushoto, ndipo akatumwa kupigwa ultrasaundi. Sisi tulizoea kwamba ultrasaundi ni ya wajawazito, na mtaalamu mmoja aliwahi kutuambia kwamba mashine hiyo haioni kitu penye hewa. Itaonaje basi jinsi mtu anavyopumua? Majibu yake ni haya: kulia, milimita 2.2 na 3.3, kushoto, milimita 1.5 na 1.6, na chini pameandikwa kwamba upande wa kushoto "unakwenda kinyume". Je, atapona? – Msomaji, Morogoro

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Mtaalamu aliyewaambia hivyo hakukosea. Mawimbi ya sauti ya mashine hii hupita vizuri katika maji na nyama, lakini yakikutana na hewa karibu yote hurudishwa yalikotoka, na ndiyo sababu mpimaji hupaka jeli ili hewa isibaki kati ya kifaa chake na ngozi. Hata hivyo, kinachotafutwa hapa si hewa iliyomo mapafuni, bali ni msuli unaoivuta. Kiwambo, ambacho wengine hukiita diaframu, ni msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, na jina lake latokana na kuwamba, kama fundi anavyowamba ngozi juu ya ngoma. Tofauti ni kwamba ngozi hii haikuvutwa ikawa bapa; imeinuka katikati mfano wa kuba, na kila inapojikaza kuba hilo hushuka, tumbo likasukumwa mbele, mbavu za chini zikatanuka, na hewa ikaingia. Mtu anapopumua kwa utulivu, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiwambo.

Mpimaji ana njia mbili za kukifikia bila kuzuiwa na hewa. Ya kwanza ni kuweka kifaa chini ya mbavu kwa mbele na kuelekeza mawimbi juu. Upande wa kulia ini humsaidia, kwa kuwa ni kiungo kikubwa kisicho na hewa, naye hukiona kiwambo kama mstari mweupe unaopanda na kushuka, akapima umbali wa safari hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima watu wazima 210 wenye afya, ulionyesha kwamba katika kupumua kwa utulivu kiwambo hushuka kwa wastani wa sentimita 1.8 kwa wanaume na 1.6 kwa wanawake, na kwamba mtu akivuta pumzi hadi mwisho hushuka sentimita 7 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake. Upande wa kushoto una taabu yake: bandama ni ndogo kuliko ini, na hewa iliyomo tumboni na kwenye utumbo huziba njia. Kwa hiyo msione ajabu ikiwa mpimaji alichukua muda mrefu zaidi upande huo. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angemaliza haraka.

Njia ya pili ndiyo iliyozaa namba mlizotumiwa. Kifaa huwekwa ubavuni, chini ya kwapa, kati ya ubavu wa 8 na wa 10, mahali ambapo kiwambo kimelala kikigusa ukuta wa kifua. Hapo huonekana mistari miwili inayong'aa, mmoja ukiwa utando wa mapafu na mwingine utando wa tumbo, na katikati yake ukanda wenye giza, ambao ndio msuli wenyewe. Unene wake hupimwa mtu akiwa ametoa pumzi, kisha akiwa ameivuta yote, kwa sababu msuli unaojikaza hunenepa, kama unavyonenepa msuli wa mkono wa mtu anayeinua ndoo.

Sasa tuzirudie namba zenu. Upande wa kulia ulianza na milimita 2.2 ukafika 3.3, yaani uliongezeka milimita 1.1, ambayo ni nusu ya unene wa mwanzo, au asilimia 50. Msuli huo unafanya kazi. Upande wa kushoto ulitoka 1.5 ukafika 1.6, ongezeko la takriban asilimia 7, na kusema kweli tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni ndogo mno hata mkono uliotulia hauwezi kuitegemea, kwa hiyo isomeni kama "hakuna badiliko". Tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1997, ongezeko lililo chini ya asilimia 20 mtu anapovuta pumzi yote huchukuliwa kuwa dalili ya kupooza. Angalieni kwamba sikuusemea unene wa 1.5 peke yake. Wapo watu wenye afya ambao kiwambo chao kina unene wa kiasi hicho, na wapo ambao kiwambo kimepooza wiki iliyopita tu na bado hakijapata muda wa kukonda. Kinachotoa ushahidi ni badiliko kati ya pumzi mbili, na badiliko hilo lina maana pale tu mgonjwa alipovuta pumzi kwa bidii. Aliyevuta nusunusu kwa kuogopa maumivu ya kidonda ataonekana amepooza na hali hajapooza.

Maneno "unakwenda kinyume" yanatokana na jaribio la kunusa. Mgonjwa huambiwa afunge mdomo na kuvuta hewa puani kwa ghafla, kama afanyavyo mwenye mafua. Upande ulio mzima hushuka kwa kishindo, msukumo wa hewa ndani ya kifua ukapungua, na upande uliolegea, kwa kuwa hauna nguvu ya kujizuia, ukafyonzwa kwenda juu. Eksirei haiwezi kuonyesha jambo hili, kwa maana hupiga picha ya pumzi moja iliyozuiliwa: iliwaambia kiwambo kilipo, haikuwaambia kinafanya nini. Zamani jaribio la kunusa lilifanywa kwa eksirei inayoonyesha picha mfululizo, lakini mgonjwa alipaswa kupelekwa kwenye chumba chake na kupata mionzi, ilhali ultrasaundi haina mionzi na hufuata mgonjwa kitandani.

Kuhusu chanzo, kila upande wa kiwambo huamriwa na neva moja, iitwayo freniki, ambayo hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, hasa kwenye mizizi ya 3, 4 na 5, ikateremka kifuani ikipita ubavuni mwa moyo. Katika upasuaji wa moyo neva ya kushoto inaweza kuumizwa na baridi inayotumiwa kuuhifadhi moyo, au wakati wa kuchukua mshipa wa damu wa ukuta wa kifua. Habari njema ni kwamba neva iliyoumia bila kukatika mara nyingi hurudi, ila kwa mwendo wake: nyuzi za neva huota kwa takriban milimita moja kwa siku, na safari ya kutoka kifuani hadi kwenye kiwambo huweza kuchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Miezi minne, basi, ni mapema kukata tamaa.

Ningewashauri mumwombe daktari wake kurudia kipimo baada ya miezi michache, kwa mpimaji yule yule ikiwezekana, na mgonjwa akiwa amelala kwa namna ile ile, kwa sababu kiwambo cha aliyeketi na cha aliyelala havisafiri sawa. Ongezeko la unene likianza kurudi, neva inaamka. Wakati huo alale akiwa ameinuliwa kwa mito, na aulizie mazoezi ya misuli ya kupumulia. Iwapo baada ya muda mrefu hakuna badiliko na dhiki ingalipo, upo upasuaji ambao kiwambo hukunjwa na kushonwa ili kikazike, yaani, kwa Kiswahili kilichonyooka, kiwambwe upya. Jambo moja lisiachwe: kushindwa kulala chali ni dalili ya moyo dhaifu vilevile, kwa hiyo moyo uendelee kuchunguzwa hata kama mshukiwa ameshapatikana.

Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi. Je, ultrasaundi ya kiwambo inaweza kutuambia siku ya kumwondoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia? – Msomaji, Mombasa

Inaweza kukusaidia kuuliza swali hilo vizuri zaidi, lakini haiwezi kulijibu peke yake. Kwamba mashine hudhoofisha kiwambo si dhana tena. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza viwambo vya watu 14 waliokufa ubongo ambao mashine iliwapumulia kwa saa 18 hadi 69, wakakuta nyuzi za msuli zimesinyaa kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine saa chache tu. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto waliwafuatilia wagonjwa 107 kwa ultrasaundi, na katika wiki ya kwanza kiwambo kilikonda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wagonjwa 44 katika kila 100, huku kikinenepa kwa wengine 12. Waliokonda ni wale ambao msuli wao ulistareheshwa mno. Walionenepa ni wale waliouhangaisha mno.

Madaktari wengi hutumia ongezeko la unene la karibu asilimia 30 kama mpaka wa matumaini. Mimi huutumia kwa tahadhari. Kipimo kinachofanywa mashine ikiwa bado inasukuma hewa kwa nguvu hakikuambii mgonjwa anaweza nini, na kiwambo chenye nguvu hakimsaidii mtu asiyeweza kukohoa makohozi yake au ambaye moyo wake unajaa maji mara tu anapoachiwa. Jaribio la kumwacha apumue mwenyewe lingali ndilo hakimu. Jambo dogo la kazi: weka alama ya kalamu kwenye ngozi pale ulipopimia, kwa kuwa ukisogea hata ubavu mmoja kesho, utapima unene mwingine na kudhani msuli umebadilika.

Nina pumu. Nami nikapigwe kipimo hiki? – Msomaji, Bukoba

Kwa kawaida, la. Tatizo la pumu limo kwenye njia za hewa, na kipimo chako ni kile cha kupuliza. Fedha hizo zinunulie dawa ya kuvuta.

Mwanangu alizaliwa kwa shida, bega likakwama. Mkono wake wa kulia umelegea, na sasa anapumua harakaharaka. Muuguzi amesema huenda ni kiwambo. Mkono na kupumua vina uhusiano gani? – Mama, Tabora

Mama, muuguzi huyo ana macho mazuri. Mizizi ya neva inayoamuru bega na ile inayoamuru kiwambo zinapakana shingoni, na shingo ya mtoto inapovutwa wakati wa kuzaliwa zote mbili zinaweza kuumia. Mpeleke hospitalini leo, usingoje kliniki ya wiki ijayo, kwa maana kichanga hutegemea kiwambo kuliko mtu mzima. Mbavu zake ni laini na hazimsaidii sana. Kwa mtoto kipimo ni rahisi kuliko kwa mtu mzima, kwani kifaa kikiwekwa chini kidogo ya kidari pande zote mbili huonekana katika picha moja, na mpimaji huona papo hapo kama moja inashuka wakati nyingine inapanda. Wengine hupata nafuu wenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikiwa atakuwa amewekwa kwenye mashine inayosukuma hewa, uliza kama anaweza kupimwa katika dakika chache za kupumua mwenyewe, kwa sababu mashine hiyo huzishusha pande zote mbili kwa pamoja na kuuficha ule uliopooza.