Kabla ya kuuliza kama ni ya asili, uliza kama ina maji

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji: kwa ngozi zetu, vipi ni bora, vipodozi vyenye viambato vya asili au vile vyenye viambato vya kiwandani? Najibu nikiwa mtu anayetengeneza na kuuza vyote viwili hapa Lira, kaskazini mwa Uganda, na ambaye kwa miaka kadhaa aliapa kwa asili peke yake, hadi kopo moja la krimu lilipomwaibisha mbele ya mteja.

Kitu ninachokijua vizuri zaidi ni mafuta ya shea, ambayo huku kwetu Lango, na kwa jirani zetu Waacholi, huitwa moo yaa. Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, nyama yake huliwa, kokwa huchemshwa, huanikwa, hubanguliwa, hukaangwa na kutwangwa, kisha ule uji wa kahawia hukandwa kwa maji mpaka mafuta yapande juu. Mafuta hayo hurudishwa motoni, na hapo mama mwenye uzoefu husikiliza zaidi ya anavyotazama: maadamu sufuria inatatarika, maji bado yamo, ikinyamaza, maji yamekwisha. Yakipikwa hivyo na kutiwa katika chombo kikavu, hukaa miezi mingi. Joto na hewa vinaweza kuyachachisha yakaanza kunuka, lakini ukungu na bakteria havistawi ndani yake, kwa sababu navyo haviwezi kuishi bila maji.

Kosa langu lilikuwa kuyarudisha yale maji ambayo akina mama walikuwa wamehangaika kuyaondoa. Wateja walilalamika kwamba mafuta ni mazito na yanang'aa usoni, wakataka kitu chepesi. Nikachemsha majani ya mwarobaini, nikachuja, nikaongeza ute wa shubiri, nikavikoroga pamoja na mafuta ya yaa kwa msaada wa nta maalumu ya kuunganisha mafuta na maji. (Nta hiyo ilitoka kiwandani, na sikuiandika kwenye lebo, lebo ilisema "asili tupu".) Krimu ilitoka nyeupe na laini, ikaisha kwa siku mbili. Siku ya tisa akarudi mama mmoja ambaye alikuwa ameinunua kwa ajili ya mjukuu wake, akafungua kopo juu ya meza yangu na kuniambia, "Mwanangu, nusa mwenyewe." Sikuhitaji kunusa. Chini ya kifuniko palikuwa na madoa ya kijivu yenye manyoya, na pembeni mwa krimu palikuwa na mduara wa kijani. Nilimrudishia fedha yake, nikazunguka kuwatafuta wengine. Nashukuru kwamba mtoto yule hakudhurika, maana ngozi ya mtoto, au ngozi yoyote yenye mikwaruzo, ni mlango wazi kwa bakteria wa namna ile.

Tangu hapo swali la asili au kiwanda nimeliweka nyuma ya swali jingine: je, ndani ya kopo mna maji? Kama hamna, kama ilivyo kwa mafuta ya yaa, mafuta ya nazi au yale mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, ambayo Robert Chesebrough aliyasajili Marekani mwaka 1872, basi kihifadhi, yaani kiambato cha kuzuia ukungu na bakteria, hakihitajiki. Kama maji yamo, na katika losheni nyingi maji ni zaidi ya nusu ya kilichomo, basi ama kihifadhi kiwepo, ama krimu itengenezwe kidogo kidogo, iwekwe kwenye friji na kumalizwa ndani ya siku chache. Wenzangu wengi wa biashara hii hutia vitamini E wakidhani wamemaliza kazi. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha. Ukungu na bakteria haivizuii.

Najua neno kihifadhi linawatisha watu, hasa kundi la vihifadhi liitwalo parabeni. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 2004, watafiti wa Uingereza waliporipoti kwamba wamekuta parabeni katika sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti ule ulionyesha kwamba kemikali hiyo ilikuwamo. Haukuonyesha kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa. Hata hivyo viwanda vingi vilikimbilia vihifadhi vingine ili viweze kuandika "haina parabeni" kwenye chupa, na kimojawapo, methilisothiazolinoni, kikawaletea watu wengi wa Ulaya upele na mwasho kiasi kwamba mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Baadaye Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika krimu zinazobaki mwilini. Mwaka 2019 chama hicho hicho kilizitaja parabeni kuwa kitu kisichosababisha mzio cha mwaka. Sisemi kwamba parabeni zote ni sawa, kwa maana mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulizikataza tano kati yake na kuziwekea nyingine vikomo. Ninachosema ni kwamba waliokimbia kitu kilichochunguzwa kwa miongo mingi waliangukia kisichojulikana vizuri.

Kuhusu mkorogo wa kujichubua sitasema mengi, kwa sababu hauna mjadala. Zebaki ni madini yanayochimbwa ardhini, huwezi kupata kitu cha asili zaidi ya hicho, nayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Hidrokwinoni inayotiwa kwenye krimu hizo hutoka kiwandani, na wanaoitumia muda mrefu huishia na mabaka meusi yenye rangi ya buluu mashavuni, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Shirika letu la viwango, UNBS, limevikataza vyote viwili katika vipodozi, wala halikuuliza kipi kilitoka wapi. Limau nalo, ambalo vijana hujipaka ili kuondoa madoa, lina kemikali ambayo ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kwa hiyo msomaji akiwa dukani, iwe soko la Owino mjini Kampala au hapa kwetu, ageuze chupa asome orodha ya viambato, ambayo huanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Akikuta neno "aqua", yaani maji, mwanzoni, na mwishoni asione kihifadhi chochote, kisha muuzaji amwambie kwamba kopo hilo linakaa mwaka mzima, basi mojawapo ya maelezo hayo si kweli.

Siku hizi nauza aina mbili. Moja ni krimu nyepesi iliyotiwa kihifadhi kiitwacho fenoksietanoli chini ya asilimia 1, ambacho ndicho kikomo cha Umoja wa Ulaya, na jina lake nimeliandika kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka. Nyingine ni kopo la mafuta ya yaa matupu. Anayenunua kwa ajili ya mtoto mchanga nampa la pili, na akilalamika kwamba ni mazito namwambia ampake mtoto mara tu anapotoka kuoga, kabla ngozi haijakauka, atumie kidogo sana, kiasi cha punje ya hindi kwa mkono mmoja. Maji yale aliyokuwa akiyatafuta kwenye krimu yatakuwa yametoka bombani asubuhi hiyo hiyo.

Msomaji wenu, Lira