Kabati laota ukungu, ukuta watoa chumvi: maswali ya masika

Kanzu na viatu vya ngozi vimeota ukungu kabatini, na paa halivuji. Maji yanatoka wapi? (Mkomani, Lamu)

Hewani. Hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20, ni 17 tu. Masika hewa yetu huwa karibu imejaa, basi kitu chochote kilichopoa kidogo hupata unyevu. Kabati lililobanwa ukutani halipitishi upepo, na hapo kuvu hustawi. Livute mbele upana wa kiganja. Kanzu uliyotokwa nayo jasho ianike kwanza. Udi hufukiza harufu tu, haukaushi kitu.

Mashine ya kukausha hewa inafanyaje kazi? Mwanangu asema ni AC tu. (Malindi)

Hakukosea sana. Feni huvuta hewa ikapita kwenye mabomba yaliyopozwa kwa gesi na kompresa, kama ya friji. Mvuke hugeuka matone yakadondokea kwenye tangi. Ila AC hutupa joto nje, na hii huipitisha hewa iliyokauka kwenye mabomba ya moto kisha ikairudisha humo humo chumbani. Kwa hiyo chumba hukauka na joto likapanda; wateja wengi hudhani wameuziwa mbovu. Kwa chumba cha kulala ambacho tayari kina AC, sioni haja ya kununua nyingine. Kwa stoo ya vitabu au nguo, inafaa sana.

Lenga unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Kipimo kidogo cha unyevu kitakuonyesha.

Yangu yafanya kazi usiku kucha, madirisha wazi, wala sioni tofauti. (Shela)

Bahari ya Hindi huiwezi, ndugu yangu. Funga madirisha.

Maji ya tangi yanyweka?

Hapana. Yamepita kwenye vumbi na vyuma. Yapigie deki.

Ukuta wa mawe umepigwa lipu ya saruji, bado wabambuka na kutoa unga mweupe. Ninunue mashine? (Langoni, Lamu)

Usinunue. Mawe ya matumbawe hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji huyazuia, yakapanda juu zaidi, na chumvi ikikauka nyuma yake huisukuma lipu hadi ikabambuka. Mashine itajaza matangi nawe utalipa stima, huku ukuta ukiendelea kunywa. Bandua saruji, acha ukuta ukauke, kisha rudisha chokaa. Tafuta fundi aliyezoea nyumba za mawe, na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, pitia kwanza ofisi ya Makumbusho kabla ya kugonga patasi.