Barua kwa mwanangu: walikotoka watu wa chumba cha viatu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata Jumatano jioni. Mara ya kwanza niliusoma nimesimama, mara ya pili nikavuta kiti. Unasema goti limegoma kabisa, klabu imekuomba utundike daluga uwe kocha msaidizi wa timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha ukaniuliza: "Baba, nimecheza mechi 13 tu za ligi. Hao wanaokaa kwenye mabenchi ya ufundi ya timu kubwa walitokea wapi? Nani atamsikiliza kocha ambaye hakuna anayemkumbuka uwanjani?"

Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ungenikatiza. Unajua timu yangu ni Liverpool tangu nilipokuwa mwalimu kijana pale Muheza, tunasikiliza matokeo kwenye redio ya betri. Kwa hiyo nitakujibu kwa watu ambao nimewafuatilia maisha yangu yote.

Kocha Bill Shankly alifika Anfield, uwanja wa Liverpool, Desemba 1959, timu ikiwa daraja la pili. Tazama ligi yetu ya leo: kocha mpya anashuka uwanja wa ndege na msaidizi wake, kocha wake wa viungo na kocha wake wa makipa, na siku akitimuliwa wanaondoka wote. Shankly hakuleta mtu. Aliwakuta makocha Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, akawaambia kazi zao ziko palepale, yeye anachotaka ni uaminifu. Hao ndio waliokuwa wakikusanyika katika kachumba kadogo chini ya jukwaa kuu, ambako viatu vya wachezaji vilitunzwa, wakakalia makreti ya bia na kuzungumza mpira. Kakaitwa chumba cha viatu.

Shankly mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe kijijini kwao Glenbuck, Scotland, kabla mpira haujamtoa. Fagan alikuwa beki wa kati wa Manchester City, kisha akapita kwenye timu ndogo hadi Rochdale. Bennett alikuwa golikipa. Lakini ninayetaka umtazame vizuri ni Paisley.

Huyu alijifunza uashi kabla ya kuwa mchezaji. Alisajiliwa Liverpool Mei 1939, na miezi michache baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza, akapelekwa Misri na baadaye Italia. Aliporudi akatwaa ubingwa wa 1947. Mwaka 1950 alifunga goli kwenye nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Everton, halafu fainali ilipofika akaachwa nje ya kikosi. Nafikiri wewe unajua jinsi hilo linavyouma kuliko ninavyojua mimi. Alipostaafu 1954 akapewa timu ya akiba, na huku anafundisha akajisomea tiba ya viungo kwa njia ya posta. Akawa mtu wa kumwona mchezaji anatembea tu na kujua wapi panamuuma. Miaka 20 alikuwa mtu wa nyuma, mwenye sponji na taulo. Mwaka 1974 Shankly alipojiuzulu, wakamkabidhi timu ingawa mwenyewe hakuitamani. Katika misimu tisa alichukua ubingwa wa Uingereza mara sita na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara tatu: 1977, 1978 na 1981. La kwanza alilichukulia Roma, mji ambao aliuingia na jeshi mwaka 1944.

Alipoondoka, Fagan akapanda akiwa na umri wa miaka 62. Msimu wake wa kwanza, 1983/84, akabeba makombe matatu. Na huyo naye alikuwa amekaa klabuni robo karne bila watu wa mbali kumjua kwa sura.

Yupo mwingine ambaye, nikiri, namwonea fahari kwa sababu ya kazi yangu. Tom Saunders alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Liverpool ilimchukua mwaka 1968 kusimamia vijana, na baadaye ndiye aliyetumwa Ulaya kwenda kuwachunguza wapinzani kabla ya mechi. Fikiria: klabu inayokwenda kucheza na miamba wa bara zima inamtuma mwalimu akaangalie, aandike, arudi aeleze. Sisi walimu tumezoea kumsoma mtoto anayejifanya ameelewa. Hiyo nayo ni kazi ya benchi la ufundi.

Sasa nije kwako. Roy Evans alikuwa kijana wa Bootle, beki wa kushoto. Timu ya kwanza aliichezea mechi 11 tu. Umezidi kwa mbili! Mwaka 1974, hajatimiza hata miaka 26, wakamwomba aache kucheza awe kocha wa timu ya akiba. Alisita, kwa sababu miguu ilikuwa bado inataka mpira. Mwisho akakubali, na mwenyekiti John Smith akasema siku moja kijana huyo atakuwa kocha mkuu wa Liverpool. Akawa kweli, Januari 1994, na mwaka uliofuata akachukua Kombe la Ligi. Kutoka siku aliyotundika viatu hadi kukabidhiwa timu ilikuwa miaka 20.

Sikudanganyi kwamba kucheza hakuna maana. Wengi wa watu hao walicheza, na Ronnie Moran alikuwa nahodha kabla ya kuwa kocha. Lakini wachezaji hawakumsikiliza Evans kwa kuhesabu mechi zake. Walimsikiliza kwa sababu alikuwepo kila asubuhi na alijua jana walifanya nini. Alijuaje? Kwa madaftari. Kila mazoezi yaliandikwa: hali ya hewa, zoezi lililofanywa, nani aliumia, nani alikuwa mzito. Timu ikianza kuyumba, wanafungua ya miaka ya nyuma wanaangalia wakati kama huu walifanya nini.

Na wewe unacho ambacho msichana wa miaka 16 hatakipata kwa kocha mwingine hapo. Umelala kitandani mara mbili baada ya upasuaji, ukajifunza kupanda ngazi upya. Akija binti anaficha maumivu asikose namba, utamjua kabla hajafika katikati ya uwanja.

Ila siku hizi mdomo na moyo havitoshi. Omba klabu ikulipie kozi ya leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, na waiandike kwenye mkataba kabla hujasaini. Wakikataa, nipigie, ile hela ya korosho bado ipo.

Basi la asubuhi litakuletea bahasha. Ndani kuna kaunta buku langu la timu ya shule, lile lenye jalada jekundu lililochanika. Ukurasa uliokunjwa utakuta zoezi la kupiga pasi kwa mguu wa kushoto, ulilokuwa unalilia ukiwa darasa la tano. Kurasa za nyuma hazijaandikwa kitu.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Baba yako